Lori Lililosubiri Kondo la Nyuma

Wazee wa upande wetu wa Ngara wakitaka kujua wewe ni mtu wa wapi hasa, hawakuulizi ulizaliwa wapi. Kuzaliwa, wanasema, mtu anaweza kuzaliwa hata njiani, mama yake akitoka sokoni Kabanga. Wanakuuliza kondo lako la nyuma limezikwa wapi. Hapo ndipo kwenu, na mjadala umekwisha.

Mama mkwe wangu aliweza kukutembeza katika shamba lake la migomba akakuonyesha familia nzima bila kukutana na mtu hata mmoja. Shina hili ni la mkubwa, lile ni la binti aliyeolewa Mabawe, hili lenye machipukizi mengi ni la kitinda mimba, yaani mume wangu. Alikuwa akiyapalilia huku akiyasemesha, na yaliyozaa mikungu midogo aliyagombeza. Mimi nikiulizwa la kwangu nilikuwa nabadilisha mazungumzo. La kwangu lilizikwa pamoja na mama.

Baba alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa amekunywa, na kesho yake akajifanya hajasema kitu. Mama alinizaa salama, mchana kweupe. Kilichobaki kilikuwa kondo. Wanaume walikuwa wameshaitwa na machela yao wampeleke kwa wamisheni kwa sababu alikuwa amechoka sana, mvua ilikuwa inakuja, na wabebaji wakawa wananung'unika nje kwamba mto utajaa wasiweze kuvuka. Basi shangazi mmoja, kwa nia njema kabisa, akaishika kamba ya kitovu akavuta, ili watu wasicheleweshwe. Likatoka nusu. Wabebaji hawakucheleweshwa. Walifika makwao kabla ya mvua, maana hapakuwa tena na mtu wa kumpeleka kokote.

Kwa hiyo nilipopata mimba yangu ya kwanza sikuomba mtoto wa kiume wala wa kike, wala mwenye pua ya babu. Nilikuwa na sharti moja: mtu asivute. Lishuke lenyewe, kwa wakati wake, na mimi nibaki hai.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamishwa. Tulitolewa kwenye migomba yetu ili tupate maendeleo, na maendeleo yalikuwa ukingo wa barabara, huko huko kwetu Kirushya, usio na mgomba hata mmoja. Nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi kwenye paredi. Tulijengewa zahanati kwa nguvu za wananchi, yaani tuliijenga sisi, nayo ikapata kila kitu isipokuwa dari. Mwenyekiti wa kijiji alipiga marufuku mtu yeyote kurudi kwenye mahame, kule tulikotoka, asije akanogewa akabaki. Mama mkwe akawa anaiba ndizi zake mwenyewe. Alitoka alfajiri na kikapu kitupu, akarudi kimejaa, na mwenyekiti hakuona kitu, kwa sababu sehemu ya wizi huo ilikuwa inaishia jikoni kwake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa UPE, wale tuliofundishwa harakaharaka ili kila mtoto apate shule. Kazi yangu ilikuwa kuwaimbisha watoto nyimbo za kujitegemea asubuhi, kisha kuwafundisha kuhesabu kwa vijiti hadi jua lipande.

Nesi wa zahanati alikuwa Msukuma, mama wa makamo ambaye wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti kubwa zaidi. Siku ya kliniki nikamweleza sharti langu. Aliacha kunipima tumbo.

"Lishuke lenyewe? Mwalimu, hilo ni kondo, si mgeni wa kubembelezwa aondoke."

"Nitasubiri."

"Utasubiri wewe. Damu haisubiri. Mtoto akishatoka nakuchoma sindano, nakandamiza hapa, navuta taratibu, kazi imekwisha, unakunywa uji. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Hiyo taratibu ndiyo siitaki, nesi."

Nikamsimulia ya mama yangu. Akavuta kigoda akakaa karibu nami.

"Pole," alisema. "Lakini shangazi yako alikuwa hajui. Mimi najua."

"Ninajua kwamba unajua. Tumbo langu ndilo halijui."

Mwenyekiti alikuwa amekaa pale mlangoni akisubiri dawa yake ya mgongo, akijifanya hasikii. Nikaona nitumie silaha niliyokuwa nayo. Nikamgeukia.

"Shikamoo mwenyekiti. Siasa yetu si ni kujitegemea?"

"Marahaba. Naam, ni kujitegemea."

"Basi na kondo langu nalo lijitegemee."

Mwenyekiti aliangalia paa lisilo na dari. Alikuwa amehutubia miaka mingi juu ya kujitegemea na hakuwahi kuambiwa mahali kunapoishia. "Hoja ya mwalimu ina msingi," akasema, akanyoosha mkono kuomba dawa yake aondoke.

Nesi hakushindwa na siasa. Yeye alinitolea kitambaa cheupe kilichokunjwa. "Siku hiyo nitakuwekea hiki. Kikilowa chote, au ukianza kuona giza, hotuba yako imekwisha. Nachoma, navuta, na wewe utasema asante."

"Nitasema asante," nikajibu, na nilimaanisha. Sikuwa na mpango wa kufa kwa ajili ya msimamo.

Nyumbani mama mkwe naye alikuwa na la kwake. Alichukia zahanati kwa sababu moja tu: kule nyuma kulikuwa na shimo, na kondo zote zilitupwa humo pamoja na pamba na vichupa. "Mjukuu wangu awe mtu wa shimo ra serikari?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha mikutano, na akarudia swali hilo kila nilipommwagia maji mikononi. Nilimwahidi kwamba kondo atapewa yeye. Akatulia, kisha akanionyesha chupa tupu ya bia aliyokuwa ameiosha na kuificha chini ya kitanda. Mzazi akichelewa kushusha anapewa chupa aipulize kwa nguvu zote, na kondo linatoka. Ndivyo walivyofanya wao, na wote aliowaona wakipuliza walishusha. Ambao hawakushusha hakuwataja.

Halafu nduli, yule mtawala wa nchi jirani, akavuka mpaka huko kaskazini na majeshi yake, na nchi nzima ikapata haraka. Redio ya mwenyekiti ilikuwa inawekwa dirishani ili kijiji kisikilize. Vijana waliojifunza gwaride kwa mipini ya majembe wakaambiwa wawe tayari. Mume wangu alikuwa mgambo, na naapa jeshi halikuwahi kupata mtu wa polepole kuliko yeye. Ukimtuma kisimani ungeweza kusahau kama ulimtuma. Alikuwa fundi wa mipini, na mpini mmoja aliuchonga siku tatu, akiugeuza geuza kana kwamba anautafutia mchumba. Mambo hayo yalikuwa yananiudhi sana.

Lori la kuwachukua lilikuja asubuhi ile ile uchungu wangu uliponishika vizuri. Lilikuwa limetoka upande wa Kabanga likiokota watu, limeshapakiwa magunia ya maharage, na lilitakiwa lifike Biharamulo kabla ya giza. Zaidi ya hapo, nesi naye alikuwa ameitwa. Aliambiwa aende hospitali ya Biharamulo kusaidia kupokea majeruhi, apande lori hilo hilo na sanduku lake la dawa. Sanduku lilikuwa limeshapakiwa. Juu yake kulikuwa na magunia, na juu ya magunia kulikuwa na wanaume wanaimba.

Nilizaa kabla ya saa sita. Binti. Alilia kwa sauti hata wale wa kwenye lori wakaacha wimbo wao wakapiga makofi. Nesi akamweka kifuani kwangu, akasubiri kitovu kiache kupigapiga, akakikata. Akanitandikia kitambaa chake cheupe. Kisha akajikuta amekaa kwenye kigoda bila kazi, na nilimwona anavyoiangalia mikono yake.

Nje dereva akapiga honi.

Sasa ieleweke: kwetu uzazi haujaisha mpaka kondo limeshuka. Mtoto hatolewi nje, baba hamshiki, na hapigiwi vigelegele. Kwa hiyo binti yangu alikuwa kifuani mwangu, ananyonya kwa bidii, lakini kwa taratibu za ukoo alikuwa bado yuko njiani. Baba yake alikuwa nje, chini ya dirisha lililozibwa kwa jamvi, amepewa ruhusa ya kushuka kutoka kwenye lori kwa dakika chache.

Mwenyekiti alikuja mlangoni. Hakuingia, alikohoa. "Mwalimu, hongera. Hali ya kule nyuma ikoje?"

"Inajitegemea," nikamjibu.

"Ni vizuri. Ila taifa linasubiri."

Ilikuwa ni yale yale. Watu wako nje, wana safari, na mimi ndani nawachelewesha. Nikamtazama nesi mikono. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa na mzaha tena, "Nakuomba. Usivute."

Nesi aliinua shuka, akaangalia kitambaa, akanibonyeza tumbo kidogo, akaangalia tena. Halafu akasimama, akaenda mlangoni, na ile sauti yake ikafika hadi kwa dereva.

"Zima gari! Mimi ndiye mnayenipeleka, na mimi bado niko kazini. Mwenye haraka atembee!"

Injini ikazimwa. Ndipo vita ilipokaa chini kusubiri kondo langu. Wanaume wakashuka, wakatafuta kivuli ubavuni mwa lori, wakaletewa mihogo ya kuchemsha. Jua likawa linasogea. Kila mara nesi aliangalia kitambaa na kusema "Bado nakuvumilia," na kila mara nilishusha pumzi.

Na mume wangu akaanza kuongea dirishani.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Paa la jikoni linavuja pale kwenye mafiga. Nimekata nyasi, nimeziweka nyuma ya nyumba. Usiache zilowe."

Mwanamume anakwenda vitani, mkewe anasubiri kujua kama ataishi, naye anazungumza habari za nyasi. Nilitaka kumrushia kitu.

"Sawa," nikasema.

"Mama asiende mahame wakati wa mvua. Ule mteremko unateleza."

"Mwambie mwenyewe, yuko hapa."

"Mama asiende." Mama mkwe aliguna. "Mtoto anafanana na nani?"

"Na wewe. Ameanza kunyonya, akasinzia katikati."

Alicheka. Kicheko chake nacho kilikuwa cha polepole, kilianzia mbali. Akaniuliza nywele zake zikoje, vidole vyake vikoje, kama macho yamefunguka. Akanieleza kwamba ameacha mti wa mpini juu ya dari la nyumbani ukauke, asiuguse mtu. Akasema akirudi atajenga kitanda cha mtoto, chenye kingo. Dereva akapiga honi tena, nami nikamwambia, nusu kwa hasira, "Huoni wenzako wana haraka?"

"Haraka ya nini?" akauliza. "Kule ninakokwenda hakukimbii. Wewe subiri. Mimi nipo."

Katika kijiji kizima siku ile ni yeye peke yake hakuwa na haraka, na ndiye aliyekuwa anaondoka.

Mama mkwe akaona wanaume wameshindwa na serikali imeshindwa. Akaitoa chupa ndani ya khanga. Nesi akasema, "Bibi, hiyo haifanyi kitu." Mama mkwe akanipa vile vile. Nilikuwa nimechoka kubishana na watu, nikaipokea kwa heshima, nikachuchumaa mtoto akiwa mkononi, mama mkwe akinishika mgongo, nikapuliza.

Chupa ikatoa mlio mnene, kama ng'ombe aliyepotea. Na palepale, nje, dereva akapiga honi, ndefu, kana kwamba anaitikia. Nikapuliza tena bila kufikiri. Honi ikaitikia tena. Nesi ndiye aliyeanza kucheka, na yule mama akicheka kuta zinajua. Mama mkwe alijaribu kukasirika, akashindwa. Mimi nilicheka hadi tumbo likakaza lote kama ngumi, nikasikia kitu kizito, cha moto, kinateremka chenyewe. Hakikuvutwa na mtu yeyote.

Nesi alilipokea kwenye beseni. Alilipeleka penye mwanga wa mlango, akalitandaza, akapitisha vidole ukingoni pote, akaligeuza, akapitisha tena. Kisha akaja nalo mpaka usoni kwangu.

"Angalia mwenyewe, mwalimu. Lote."

Nililia kwa neno hilo moja. Nililia kwa sauti kuliko nilivyolia kwa uchungu, na mama mkwe, ambaye hakupenda mambo ya kulia lia, akanifuta uso kwa khanga ile ile iliyokuwa imefunga chupa. Kitambaa cheupe kilikuwa kimelowa kidogo zaidi ya nusu. Nesi alikikunja akaniambia, "Asante yako baki nayo."

Nje kila mtu alichukua ushindi wake. Mama mkwe alisema ni chupa. Mwenyekiti alisema ni siasa safi. Dereva aliapa kwamba ni honi, na nasikia alitembea na habari hiyo miaka mingi, akijiita mkunga.

Mume wangu akaitwa mlangoni. Alimpokea binti yake, akamgeuza geuza kwenye mwanga kama anavyogeuza mpini, akamnusa kichwani. Hakupata muda wa kumaliza. Gari lilikuwa limeshawashwa. Alinirudishia mtoto, akanishika kisigino, maana ndicho kilichokuwa karibu naye, akasema, "Nyasi zisilowe."

Mama mkwe alikuwa amefunga kondo ndani ya majani ya mgomba aliyoyaleta kutoka mahame. Akamwambia mwenyekiti waziwazi mbele ya watu kwamba anakwenda kulizika kule kulikopigwa marufuku, na kwa kuwa lori linapita njia hiyo, atapanda. Mwenyekiti aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akamshika kiunoni akampandisha yeye mwenyewe. Wakaondoka hivyo: maharage, mgambo, nesi juu ya gunia, na kikongwe amepakata kondo, na wale vijana wote wamejibana upande mmoja ili wasimguse.

Mama mkwe alirudi kwa miguu jioni, mikono ina udongo. Alinieleza kwamba kwenye mteremko wa kwetu alilisimamisha lori, na mwanawe akashuka naye. Kwa kawaida mwanamume hachimbi shimo lile, lakini alichukua jembe akachimba, polepole, kando ya shina lake mwenyewe, honi inalia huko juu barabarani. Alipomaliza alikanyagia udongo kwa mguu mtupu, akampa mama yake jembe, akapanda.

Vita iliisha. Lori moja likarudi, na jingine, na watu wakashuka, wengine wamenenepa. Yeye hakushuka. Mtu aliyekuwa naye alikuja kutuambia kwamba ilikuwa kule ng'ambo ya mpaka, barabarani, na kwamba walizikwa harakaharaka kwa sababu kikosi kilikuwa kinaendelea mbele. Hata mahali penyewe hakuweza kutueleza vizuri. Mtu ambaye hakuharakisha kitu maishani mwake alizikwa na watu wanaokimbia.

Kaburi hatukuwa nalo. Mama mkwe hakuuliza ruhusa ya mtu. Alichukua jamvi akaenda kukaa matanga kule mahame, chini ya shina la mwanawe, na kijiji kizima kikamfuata, mwenyekiti akiwa nyuma na kigoda chake. Ndipo nilipoelewa kwamba yale mashina hayakuwa porojo za wazee. Mwili wake hatukujua ulipo, lakini kilichokuja naye duniani tulijua mahali pake, na pembeni yake palikuwa na udongo bado mpya wa binti yake.

Binti huyo sasa ni mtu mzima. Alipojifungua mwenyewe, hospitalini, alichomwa sindano, kondo likatoka kabla hata hajauliza mtoto ni wa kike au wa kiume, na mimi nilishukuru, maana alikuwa mzima. Nilipokuwa namnywesha uji aliniuliza kama ni kweli wanayosema watu, kwamba la kwake lilichelewa hadi vita ikasimama barabarani.

Nikakumbuka jamvi la dirishani, na ile sauti isiyo na haraka inaniambia habari za nyasi. Nikamwambia hapana, watu wanatia chumvi. Lilitoka mapema mno.